Mwanamume Kwenye Kanda ya Wanawake

Dahir mwenyewe hakatai. Ukimuuliza ni nani aliyekuwa mjinga siku ile, atajigonga kifua na kusema, "Mimi, wallahi, na usinitafutie mwenzangu." Basi tumwache na cheo chake, tuangalie alivyokipata.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, mara baada ya Idi, na Garissa ilikuwa haijakauka. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimekata barabara ya Nairobi upande wa Mororo, sukari imekuwa kitu cha kusimuliana, na mbuzi walioponea maji walishikwa na homa hata serikali ikapiga marufuku kuchinja. Katika hali hiyo Kaha, mke wa Warfa mfanyabiashara wa ng'ombe, akaamua kumwoza binti yake Fartun. Watu walimwambia angoje barabara ikauke. Kaha akasema bwana harusi akingojeshwa hukauka kabla ya barabara.

Dahir alikuwa na kibanda cha video mtaa wa Bulla Iftin: deki mbili, televisheni moja, na kamera kubwa ya kubeba begani, aina ile inayomeza kanda nzima kama ilivyo. Alionyesha sinema za Kihindi na kurekodi harusi. Upande wa wanaume alirekodi mwenyewe. Upande wa wanawake, ambako shungi huvuliwa na watu wakacheza watakavyo, mwanamume hakanyagi; huko aliingia mkewe Khadro na kamera. Na kanda ya wanawake ilikuwa na sheria yake. Ikitoka kwenye kamera inaingia mkononi mwa mama wa bibi harusi, na habari yake imekwisha. Dahir haitazami, hainakili, haiulizii. Kwa mwanamume, kanda hiyo haipo duniani.

Asubuhi ya harusi aligundua kwamba amebakiwa na kanda mpya moja, na harusi ina pande mbili. Akakimbilia duka la Alio.

"Kanda za video?" Alio alicheka mpaka akashika kaunta. "Ndugu yangu, mimi sina hata kiberiti. Nenda kaokote mtoni, labda imeelea."

Dahir akarudi kibandani na kupekua rafu. Nyuma ya sinema za Kihindi akakuta kanda moja kuukuu, haina maandishi, na kile kipande cha plastiki cha ubavuni kimevunjwa ili mtu asirekodie juu. Akaitia kwenye deki. Akatokea bwana mmoja mwenye suti, kwenye televisheni ya Mogadishu ya enzi zile za serikali, anasoma hotuba. Dahir akaisogeza mbele. Bwana anasoma. Akaisogeza tena. Bwana amegeuza karatasi, anasoma.

"Nani atakayeililia hotuba hii?" Dahir akajiambia. Akabandika selotepu juu ya lile tundu, akaiingiza kanda kwenye kamera, akampa Khadro. Ile mpya akajiwekea yeye kwa upande wa wanaume. Kwa Kaha akachukua malipo ya kanda mbili mpya, na uso hakuukunja.

Khadro alirekodi vizuri. Alirekodi ngoma, alirekodi mashairi ya buranbur, alirekodi Fartun akiangushiwa noti kichwani. Kisha kikaletwa chakula, nacho kilikuwa kuku. Kuku kwenye harusi ya Garissa! Ni kama kumpa mgeni yai ukamwambia asubiri likue. Mwanamke mmoja, Faduma, akainua paja mbele ya taa na kuuliza kwa sauti, "Huyu ndiye ng'ombe wa Warfa?" Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko.

Kaha alitoka mbio, shanga zinamlia shingoni. "Naa Khadro! Zima hiyo mashine! Aibu hii isiingie kwenye kanda yangu!"

Khadro akazima. Kaha akaitoa kanda kwa mkono wake na kuisukumiza kifuani, na hapo ndipo ilipotoka machoni mwa Dahir na mkewe.

Wiki chache baadaye, barabara ya kwenda kwenye kambi za wakimbizi ilipofunguka, mama yake Khadro aliwasili kutoka Ifo na begi la plastiki na fimbo. Jina lake Rukiyo. Jicho moja lilikuwa limeshafungwa na mtoto wa jicho; la pili liliona moshi. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja mjini kwa wiki mbili, na zamu yake ilikuwa siku ya mwisho.

"Wanasema inshallah nitaona," alisema, huku Dahir akimmiminia chai. "Lakini hata Weris, jirani yangu, aliambiwa inshallah, na sasa anashikwa mkono kwenda chooni. Kwa hiyo, mwanangu Khadro, kabla hawajanigusa nataka nimwone baba yako. Huu moshi nilio nao unatosha. Leteni ile kanda yangu."

Chai ya Dahir ikapita njia isiyo yake.

"Kanda gani, hooyo?" aliuliza alipomaliza kukohoa.

"Kanda iko moja. Ile ya kipindi cha muziki. Inaanza na hotuba ndefu ya yule mkubwa. Abdow wangu siku hiyo alikaa nje ya studio na kaban yake mapajani, kama mgonjwa kwenye foleni, mpaka mkubwa akamaliza kusema. Ndipo wakaingia kupiga."

Khadro alikuwa anatabasamu. Baba yake alikuwa mpiga kaban, ule udi wa Kisomali, kwenye bendi iliyopiga kila wiki kwenye televisheni. Aliuawa mwaka wa tisini na moja. Picha zake zote zilibaki ukutani, na ukuta wenyewe haukubaki. Rukiyo alikimbia na sufuria moja, na ndani ya sufuria kanda. Kile kipande cha plastiki alikivunja mwenyewe kwa meno, Ifo, siku alipoona vijana wa kibanda cha video wakiitamani.

"Niliwapa nyinyi kwa sababu nyinyi ndio wenye deki," alisema Rukiyo. "Nikasema, kwa mkwe wangu itakuwa salama."

Dahir aliinama kumtafuta mkufunzi atakayemfundisha cha kusema, akakuta mkeka tu. "Hooyo, ile kanda… nimeiazimisha. Iko Ifo. Kwa Bishar wa video."

"Ifo?" Rukiyo akageuza jicho lake la moshi upande wa sauti. "Mimi nimetoka Ifo kuifuata, nayo imekwenda Ifo. Haye. Tumepishana njiani."

Khadro alimfuata mumewe jikoni. Hakupaza sauti, na Dahir angependa apaze.

"Iko Ifo?"

"Iko Ifo."

"Basi nenda Ifo. Na ukirudi mikono mitupu, pitia msikitini kwanza, uwaombe pembe moja ya kulala."

Bishar wa Ifo alimpokea kwa maziwa na kicheko. Alikuwa na kibanda cha turubai, jenereta inayokohoa, na watazamaji waliokaa kwenye madebe ya mafuta ya msaada.

"Vipindi vya muziki vya Mogadishu? Waryaa Dahir, si uulizie dhahabu tu? Watu hapa walikimbia na funguo za nyumba. Mtu aliyekimbia na kanda ni mkwe wako peke yake."

"Zilikuwepo, Bishar. Niliziona kwako."

"Zilikuwepo. Zikarekodiwa juu. Huyu anataka salamu ampelekee kaka yake Sweden, yule anataka harusi, wale wanataka karate. Nani alikuwa na kanda ya kuweka akiba?" Akamwangalia. "Na wewe yako imeenda wapi?"

"Imepotea."

"Imepotea kwa miguu yake?"

Dahir akanywa maziwa. Bishar akamwonea huruma, akamtajia mtu mmoja: Nunow, dereva wa lori aliyekuwa akienda Mogadishu miaka ile, sasa amestaafu yuko kwao Griftu. Ana sanduku zima la kanda na hampi mtu hata moja.

Griftu si jirani na Ifo. Dahir alipanda lori la unga mpaka Wajir, akiwa juu kabisa, na kila shimo la barabara likamkumbusha uongo wake. Kutoka Wajir akapata pikapu iliyobeba ngamia mchanga, ambaye alimtafunia kola ya shati njia nzima. Alipofika, Nunow alikuwa amerudi kutoka mnadani na hakuwa na haraka ya kitu chochote.

"Vipindi vya muziki?" Nunow alifungua sanduku la bati kama anafungua hirizi. "Ninavyo. Tena unataka kile kinachoanza na hotuba?"

Dahir aliketi chini bila kuombwa.

Wakaazima jenereta ya muuza duka. Kanda ikaingia. Akatokea yule bwana wa suti, karatasi ileile, sauti ileile. Dahir nusura aibusu televisheni. Alisimama akaisikiliza hotuba yote, neno kwa neno, kama raia mwema. Bwana akamaliza, akanywa maji, watu wakapiga makofi. Taa za studio zikabadilika. Mtangazaji msichana akatabasamu, akasema, "Na sasa, bendi yetu." Pale pale Wachina wawili wakaruka kutoka paani wakipigana mateke.

Nunow akajikuna ndevu.

"Ah. Hapa vijana wangu walirekodia sinema."

"Mbona hawakurekodia juu ya hotuba?" Dahir alikuwa karibu kulia. "Hotuba ndefu vile, imejaa nafasi!"

"Serikali ile bado ilikuwepo," alisema Nunow. "Waliogopa."

Dahir aliteremka Garissa na vumbi la wilaya mbili, na kitu cha kwanza alichokutana nacho hakikuwa msikiti. Ilikuwa ni Kaha, mbele ya duka la Alio, na kikapu mkononi.

"Ewaa! Bwana video! Nimekutafuta mpaka nimechoka. Ulikimbia?"

"Kaha, dada yangu, nimetoka safarini, niache nikaoge."

"Huogi! Kwanza niambie, yule mwanamume nani?"

"Mwanamume yupi?"

"Alio, msikie! Anauliza yupi!" Kaha alitua kikapu ili mikono yote miwili ipate nafasi. "Kanda ya wanawake, Dahir! Mama mkwe wa Fartun amekuja na dada zake kutazama harusi. Nimewawekea, tumecheka, tumefurahi, tukafika mwisho. Picha ikaingia mchanga. Ghafla akatoka mwanamume! Amekaa kwenye kiti, amekumbatia kaban. Mama mkwe akanigeukia: 'Kaha, huyu naye alikuwa ndani na nyinyi mkicheza vichwa wazi?' Niambie ningesema nini!"

Begi la Dahir lilianguka lenyewe.

"Yukoje?"

"Anauliza yukoje! Mwembamba. Ana mwanya hapa mbele, kama wa mke wako."

Alio aliacha kupima unga. Kazi ya Dahir ilikuwa kanda. Alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba ukirekodi juu ya kanda ya zamani unafuta pale ulipopita tu, na ulipoishia wewe ndipo linapoendelea la zamani. Harusi ya Fartun ilikatizwa na kuku. Mbele ya kuku palibaki kanda. Mtoto wa shule angeliona hilo. Lakini kanda ya wanawake ilikuwa imetoka duniani siku ile ilipoingia kifuani mwa Kaha, na Dahir alizoea sheria hiyo kiasi kwamba hata kwenye hesabu zake hakuitia kanda hiyo. Amekwenda mpaka Griftu, ametafunwa na ngamia, amesikiliza hotuba ya serikali iliyokufa, na Abdow muda wote yuko nyumba ya tatu kutoka dukani kwa Alio, anapiga kaban.

"Kaha," alisema, "Mungu akupe maisha marefu."

"Mimi nakupa matusi, wewe unanipa dua?" Kaha aliokota kikapu chake. "Mtu huyu amerukwa na akili."

Msikiti aliupita bila kuutazama. Khadro alikuwa anapepeta mchele. Dahir alimweleza yote, akianza na mwisho kwa kuwa mwisho ulikuwa mzuri, lakini Khadro akamrudisha mwanzoni.

"Ngoja. Kanda ile uliitia wewe kwenye kamera."

"Mimi."

"Na kamera ukanipa mimi."

"Ndiyo."

Khadro aliuweka ungo chini. "Kwa hiyo baba yangu nimemfuta mimi. Kwa kidole changu hiki."

Dahir alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hili hakuwa amejiandaa. "Umefuta hotuba, Khadro. Hotuba na nyimbo kidogo. Aliyekufanya ufute ni mimi."

"Na ukakaa ukanywa chai na mama yangu, ukamwambia Ifo."

"Nikanywa."

Khadro alimtazama. Kola ya shati ilikuwa imetafunwa nusu, nywele zimekuwa rangi ya barabara. Khadro hakutaka kucheka na ndiyo maana aligeuka upande.

"Kaoge," alisema. "Kisha ubebe deki zote mbili na nyaya zake, utufuate kwa Kaha. Ndani huingii."

Ikawa hivyo, baada ya Khadro kumweleza Kaha yule mwanamume ni nani. Siku moja kabla ya zamu ya Rukiyo kwa madaktari, baada ya sala ya alasiri, Dahir alisimama nje ya dirisha la Kaha amegeuzia ukuta mgongo, pazia limefungwa, akimfundisha mkewe kwa sauti namna ya kuunganisha nyaya za kunakilia.

"Waya mwekundu kwenye tundu jekundu!"

"Hakuna tundu jekundu!"

"Lipo, geuza deki!"

"Punguza sauti," Kaha aliwaambia, "majirani watadhani tunatengeneza bomu."

Wanawake watano walikuwa wamekaa chini, Rukiyo mbele kabisa, pua yake inakaribia kugusa kioo. Khadro alipeleka harusi mbele kwa kasi. Wachezaji wakarukaruka kama kuku, jambo ambalo Faduma hakukosa kulitaja. Kisha akaiacha iende taratibu. Ikasikika sauti ya Kaha, kali, kutoka kwenye televisheni: "Naa Khadro! Zima hiyo mashine! Aibu hii isiingie kwenye kanda yangu!" Aibu ilikuwa imeingia, na sauti yake juu. Picha ikajaa mchanga. Halafu kaban.

Nje, Dahir aliacha kujikuna. Ulikuwa mlio wa chini, mtulivu, kama wa mtu anayeongea peke yake akifikiri hakuna anayemsikia.

Rukiyo aliweka viganja vyote viwili kwenye kioo.

"Moshi," alisema. "Moshi… Hapo. Huyo hapo. Khadro, amevaa shati gani?"

"Jeupe, hooyo. Mikono mifupi."

"Nililipiga pasi mimi." Akasikiliza. "Sasa ataukaza uzi wa tatu. Ulikuwa unalegea, hakutaka kununua mwingine." Na Abdow, ndani ya televisheni, akanyoosha mkono, akaukaza uzi wa tatu, akaendelea. Akainua macho mara moja, akatabasamu kwa mtu aliye nyuma ya kamera, mwanya ukaonekana, na Khadro akaziba mdomo wake kwa mkono bila kujua.

Ulibaki wimbo mmoja na nusu. Kanda ikafika mwisho, deki ikalia, kila mtu akajipangusa uso kwa njia yake. Hata Kaha alijipangusa, na hilo likamkasirisha.

"Haya," alisema. "Mmemwona, mmemnakili. Sasa Dahir aje amfute kwenye kanda yangu."

"Kumfuta?" Khadro alisimama.

"Nililipa kanda mpya. Wanaume wakapewa mpya, sisi wanawake tukapewa mtumba, na ndani ya mtumba mwanamume! Unataka mama mkwe wa binti yangu aseme nini?"

"Kaha, samahani sana," ilisema sauti ya Dahir dirishani, "nitakurudishia na juu yake…"

"Wewe nyamaza! Wewe huna sauti kwenye nyumba hii, una mgongo tu!"

"Usimwambie hivyo mume wangu," alisema Khadro, ambaye nyumbani alikuwa amemwambia mabaya zaidi. "Amekosa, amekiri. Lakini baba yangu hafutwi mara mbili."

"Baba yako hakualikwa! Aliingia harusini kwa watu bila kualikwa, akakaa katikati ya wanawake. Nawauliza, ni haki hiyo? Ni heshima?"

Rukiyo alitoa viganja kwenye kioo taratibu, akaitafuta fimbo yake, akasimama, na kumgeukia Kaha kwa jicho lake moja la moshi.

"Ni kweli, Kaha, hakualikwa. Alikuja amekufa miaka saba, akampigia binti yako kaban mpaka mwisho wa kanda, hakumtazama mwanamke hata mmoja, hakudai malipo, wala hakuuliza nyama iko wapi. Katika wote uliowaalika, nionyeshe mgeni mwingine kama huyo, nikusaidie kumfuta."